Mgeni Anapofika Boyoma: Chakula, Matembezi na Makuta

(Maneno ya kamati ya mapokezi mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Kisangani. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wetu walio mbali.)



Mlituomba tuzungumze juu ya wageni, na wakati wake umefika. Mwezi wa saba na wa nane masomo yanafungwa kule Ulaya, mwezi wa kumi na mbili kuna Noeli, na kila mara simu zinaanza kulia mu Mangobo, mu Kabondo, mu Tshopo, mu Makiso, mpaka ng'ambo mu Lubunga: "Tunakuja!" Ni yaya aliyebaki Kampala. Ni shangazi ambaye yuko Bruxelles tangu wakati wa vita. Ni rafiki tuliyekula naye sahani moja kule ukimbizini, na sasa anataka kuona tunaishi namna gani. Ni mtoto aliyezaliwa mbali, ambaye mto huu anaujua kwa kinywa cha mama yake tu.

Tunafurahi. Tunapiga kelele mu parseli mpaka jirani anauliza kuna nini. Halafu usiku, watoto wakisha kulala, baba na mama wanakaa na kujiuliza: tutawalisha nini? Tutawatembeza wapi? Na makuta yatatoka wapi?

Swali hili la mwisho hatulisemi kwa sauti kubwa, kwa sababu lina haya. Leo tunaliweka mezani.

Tumezunguka kwa wanachama wengi, na hadithi ni moja. Mgeni anatangaza siku 10. Mama wa nyumba anachukua zamu yake ya likelemba, yale makuta tunayochangiana kila mwezi, ambayo alikuwa ameyawekea masomo ya watoto. Ananunua kuku, anaweka kreti za Primus, anakodisha viti vya plastiki, anapanga motari wa kumzungusha mgeni. Mgeni anakula vizuri, anacheka, anapiga picha, anapanda ndege Bangboka akiwa na furaha. Wiki moja baadaye mtoto anafukuzwa masomo. Mama ananyamaza, na mgeni hajui kitu.

Sasa sikilizeni upande wa pili, kwa sababu tulizungumza na wageni pia. Wengi wao walikopa ili wapate tiketi. Wanafika, wanaona kuku mezani kila siku, bia kila jioni. Wanarudi kule wanajiuliza: "Hawa wanaomba msaada wa masomo, na wanakula kuku kila siku?" Hawaulizi, nao wanaona haya. Mwaka unaofuata mwenyeji anaogopa kusema karibu, mgeni anaogopa kusema nakuja. Kila mmoja anaona mwenzake amepoa.

Hapo ndipo kuna hatari, wandugu. Sisi watu wa chama hiki tunajua kutawanyika ni nini. Kuna waliokimbia mwaka 2000, wakati wa vita ya siku sita. Kuna waliovuka mto mwaka 2023 kutoka Lubunga, wakati wa fujo kati ya Wambole na Walengola, wakalala mu masomo na mu parokia. Kila mmoja wetu aliacha mtu mahali. Ziara ya mgeni ndiyo sindano inayoshona kitambaa hicho tena. Kama tunaifanya iwe nzito mpaka watu wanaikimbia, tutabaki tumetawanyika wakati bunduki zimenyamaza.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji auze redio! Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengine wanafikiri methali hii inamfukuza mgeni. Sisi tunaisoma hivi: siku mbili za kwanza ni za heshima, na siku ya tatu anakuwa mtu wa nyumba. Anapewa jembe kwa sababu anajulikana, na mtu wa nyumba anajua pia chungu kina nini ndani.

Tuanze basi na chungu.

Mtu wa Boyoma aliyekaa mbali miaka 20 hakosi kuku. Kuku wako kila mahali duniani, na kule ni wa bei nafuu kuliko hapa. Kitu anachokosa ni lituma. Ni makemba yaliyopikwa, yakatwangwa yangali na moto, yakafinyangwa mviringo na mkono wa mtu anayejua. Anakosa liboke la samaki, limefungwa ndani ya majani ya mangongo na kuwekwa juu ya makaa, na ile harufu inayotoka wakati kamba inakatwa. Anakosa sombe, yaani pondu, iliyotwangwa na kinu cha nyumbani, yenye mawese ya kweli. Anakosa kwanga. Akija wakati wa mbinzo, mpeni mbinzo, mtaona atakavyonyamaza. Hivi vyote ni chakula chetu cha kila siku, au cha kila wiki, na tunavipata sokoni kwa makuta tunayoyazoea.

Mama mmoja wa Mangobo alipika siku ya kwanza kuku, siku ya pili kuku. Siku ya tatu makuta yalikwisha, akaweka lituma na ngolo wa kuchoma, akaomba msamaha mbele ya meza. Shemeji yake, ambaye hakurudi tangu miaka mingi, aliweka mkono kichwani akasema: "Mama, hiki ndicho kilinileta. Ile kuku ulikuwa unamupikia nani?" Walicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo shemeji alienda sokoni pamoja naye kila asubuhi, akabeba mkungu wa makemba yeye mwenyewe begani, akalipa nusu. Hakuna aliyemwomba. Alipoona bei alijua mwenyewe.

Soko basi ni matembezi ya kwanza ambayo tunawashauri. Mgeni anasikia Kiswahili na Lingala vikipigana kwa mchele, anagusa pilipili, anakutana na watu waliomjua mtoto. Na anaelewa maisha yetu bila ya mtu kumtolea hotuba.

Juu ya nyama ya pori, tuseme neno moja tu. Msinunue nyani wala mnyama anayelindwa na sheria kwa sababu mgeni aliomba "ladha ya zamani". Magonjwa yako, mpox iko ndani ya jimbo letu, na msitu unapungua. Samaki wa mto wanatosha.

Na bia? Mwenye kunywa anywe. Lakini kreti isiwe kipimo cha mapendo.

Sasa matembezi. Mji wetu una utajiri ambao hatuununui.

Kwanza Wagenia. Waelezeni watoto waliozaliwa mbali kwamba Boyoma ni maporomoko saba, yanafuatana kwa kilometa kama 100 kutoka Ubundu mpaka hapa, na Wagenia ni ya mwisho. Ndiyo sababu mabato yanayopanda kutoka Kinshasa yanafikia hapa na kusimama. Ndiyo sababu pia kule ng'ambo kuna reli ya kilometa 125 inayokwenda Ubundu: maji yalikataa kupita, watu wakapita kwa chuma. Halafu waacheni watazame. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa ndani ya maji yanayonguruma, wanaifunga kwa kamba za msituni, wanatundika mitego yenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Wanapiga kasia mpaka katikati ya povu, wanapanda juu ya miti kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba, wanainua mtego. Kijana anajifunza kwa baba yake.

Lakini tunajua wote kinachoharibu siku ya Wagenia: bei. Mgeni anashuka kwenye moto na simu mkononi, na kila mtu anakuja na bei yake: ya kuingia, ya picha, ya mtumbwi, ya kuimba. Mwisho mgeni anakasirika, wavuvi wanakasirika, na mwenyeji yuko katikati anatoka jasho. Wale wavuvi wana haki ya kupata kitu, hapo ni kazini kwao, si sinema. Kwa hiyo mtu mmoja wa nyumba aende siku moja mbele, azungumze na wakubwa wa pale, akubaliane juu ya yote kwa pamoja, na makuta yatolewe mara moja kwa mkono mmoja. Na nunueni samaki palepale. Mgeni anayerudi na samaki aliyemwona akitoka ndani ya maji atakula namna ingine.

Pili, kuvuka kwenda Lubunga. Watu wa upande wa kuume wanasahau jambo hili. Kuketi ndani ya mtumbwi wa injini, kuona kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire na minara yake miwili ikisogea nyuma yako, hiyo ni safari ya makuta kidogo na haisahauliki. Kwa wengi wetu kuvuka huku kuna uzito. Kuna wanachama waliovuka mwaka 2023 na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Leo wamerudi, wanalima, wamefunika nyumba upya. Wakitembelewa na mgeni wao, wakimpikia chini ya paa jipya, ni ushahidi kwa kartiye nzima kwamba hapa watu wanakaa tena. Ninyi wa upande wa kuume, pelekeni wageni wenu kwao pia. Msiwaache peke yao ng'ambo.

Mkiwa juu ya maji, simulieni. Watoto wanauliza: "Kwa nini hapa wanasema Kiswahili, na bahari iko mbali?" Waambieni juu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Lugha ilikuja na misafara ile. Ilikuja na maumivu, na leo ndiyo tunayobembelezea watoto. Waambieni mji uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Waambieni Patrice Lumumba alifanya kazi posta hapa, kabla dunia haijamjua. Mtoto anayejua hayo hatasema tena, "Kule kwa wazazi hakuna kitu."

Tatu, Tshopo: maji yake, bwawa la umeme, kivuli cha miti. Jumapili baada ya misa, familia nzima na kapo la chakula, ni siku nzuri bila gharama. Ila karibu na bwawa, daraja, bandari na uwanja wa ndege, msitoe simu ya picha kabla ya kuomba ruhusa. Picha moja inaweza kula saa tatu za maelezo.

Walio na siku nyingi wanaweza kushuka mpaka Yangambi, kilometa kama 100, kuona kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933 na msitu wake. Lakini hiyo si safari ya kugusa na kurudi. Inaomba siku mbili na matayarisho.

Sasa jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko bei. Tulipouliza, "Siku ya Wagenia, nani alienda?" walitaja mgeni, baba, vijana, watoto wa jirani. Tukauliza, "Na mama?" Mama alibaki. Alikuwa mbele ya moto tangu saa kumi na moja ya asubuhi, anapikia watu watakaorudi na njaa. Mama mmoja alituambia bila kulalamika: "Miye nilirudi, sasa ni miaka ine. Wagenia sijafikaka. Nawasikiaka tu wakihadisia wakati ninaosha sahani."

Wandugu, mgeni huyu mara nyingi ni ndugu wa mama huyo! Alikuja kwa ajili yake. Wanalala nyumba moja siku 10 na hawapati saa moja ya kukaa pamoja. Kwa hiyo tunaomba hivi: siku ya matembezi, chungu nyumbani kilale. Tununue maboke kwa mama wa malewa, ambaye naye anatafuta, na twende wote. Makuta ya maboke yatoke ndani ya yale yale ya matembezi, yahesabiwe tangu mwanzo. Na jioni wanaume na vijana waoshe sahani. Tuliona ba papa wengine wanatazama chini. Sahani haziumi.

Kuna matembezi mengine, ambayo si ya furaha, na hatuwezi kuyaruka. Tangu tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana ndani ya mji wetu. Mabomu yaliangukia nyumba za watu. Mamia ya raia walikufa, na wengine walizikwa mbio mbio palepale mu parseli, kwa sababu hakukuwa na njia ya kufika makaburini. Wageni wetu wengi waliondoka hapo nyuma. Hawakuzika watu wao. Hawakukaa matanga. Wanakuja na kusema wanataka kuona Wagenia, na ndani ya moyo wanataka kuona kaburi.

Kwa hiyo mwenyeji aulize, polepole, siku ya kwanza au ya pili: "Unapenda twende kuwasalimia wale?" Akisema hapana, basi, tusimlazimishe. Akisema ndiyo, tuende asubuhi, watu wachache, pamoja na mzee mmoja aliyekuwako na anayejua majina. Siku hiyo tusiende nganda wala kupokea watu wengi. Turudi nyumbani, tunawe mikono, tule chakula chepesi kwa sahani moja, na mzee aseme anachokumbuka. Tumeona watu ambao kwa miaka mingi hawakulia wakalia mbele ya fufu na sombe, na kesho yake wakaamka wepesi, wakaomba wenyewe kwenda mtoni. Furaha ya mgeni wa namna hii inapitia hapo kwanza.

Na hapa tuseme neno kwa marafiki wanaotusaidia, maana nao wanakuja. Mkija, mtakaribishwa kama wandugu, kwa lituma na samaki. Msione tunawapunguzia heshima, tunawatolea chakula chetu wenyewe. Tutawapeleka Wagenia, tutavuka pamoja Lubunga, mtakaa kwa wanachama na mtauliza mnachotaka, hata juu ya hesabu. Lakini makaburi yetu hayatakuwa ndani ya programu ya ziara, isipokuwa familia yenyewe imewaita. Machozi ya watu si karatasi ya kuombea msaada.

Haya sasa, tukamate mambo machache mkononi.

La kwanza: makuta ya likelemba na ya sanduku la msaada hayaguswi kwa ajili ya mapokezi. Sanduku ni la ugonjwa, msiba na masomo. Mgeni si msiba.

La pili: mgeni aambiwe ukweli mbele ya kufika. Mpigieni simu, mseme: "Yaya, tuko watu wanane nyumbani, tunakula hivi na hivi, tunakupangia matembezi mawili. Ungependa kuchangia nini ndani ya kapo?" Tumewauliza wageni, na wote walisema wangependa kuulizwa hivyo. Mchango wa mwanzo unasaidia chungu. Bahasha ya uwanja wa ndege inakuta deni limekwisha kuzaliwa.

La tatu: mgeni aseme naye mapema siku ngapi, watu wangapi, dawa gani anakunywa, chumvi anaruhusiwa ao hapana. Mwenye shinikizo la damu akilishwa bitoyo siku tano, tutakuja kumtembelea hospitali badala ya Wagenia.

La ine: tutaandika orodha ya wanachama wanaofanya kazi ya mtumbwi, moto, malewa na kuuza samaki, ili makuta ya matembezi yapite kwanza kwetu. Mwenye kutaka jina lake liingie amwone mwandishi baada ya mkutano.

La tano: jioni moja, moja tu, isiwe na mtu wa nje, isiwe na muziki wa nguvu wala simu. Watu wa nyumba na mgeni wao, na chakula kilichobaki. Mgeni aseme maisha yake ya kule namna yalivyo, hata yale magumu. Nasi tuseme yetu. Walioifanya jioni hiyo wanatuambia kwamba mgeni wao alirudi tena, au alipanga kurudi.

Sasa ba mama wa jikoni wametuita, chakula kiko tayari. Leo ni makemba, sombe na samaki, kila familia ilileta chake, na hesabu yake imebandikwa ukutani kwa anayetaka kuisoma. Vijana wa kuosha sahani tumekwisha kuwaandika. Karibuni mezani.